Olrait za Baba Yangu

Baba yangu alifanya kazi ya upishi kwa miaka kumi na mmoja kwenye mashamba ya chai ya Kericho, nyumbani kwa familia moja ya Wazungu. Aliporudi kwetu, karibu na wakati wa uhuru, alikuja na koti la kaki, birika la chai lenye mkono uliolegea, na neno moja la Kiingereza. Kiswahili alikijua sana, kwa sababu kule jikoni walikuwa watu wa makabila mengi. Kiingereza hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikuwa na hilo neno moja tu, naye alilitumia kwa kila jambo. Neno lenyewe lilikuwa "olrait."

Sisi tulikaa kwenye miinuko ya juu ya Keumbu, kwenye shamba la pareto, ndizi na wimbi. Nyumbani tulisema Ekegusii, lugha ya Wakisii. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha mjini, na Kiingereza kilikuwa cha watu wachache waliopita barabarani kwa gari. Kwa hiyo baba alipolisema neno lake, majirani walimwangalia, kisha wakaendelea na mambo yao. Walimwona ni mtu aliyefika mbali.

Nilikuwa mdogo nilipoanza kugundua kwamba neno hilo halikuwa moja. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga pareto yetu siku mbili kabla hatujaichuma. Baba alisimama kwenye ukingo wa shamba, mikono nyuma, akayatazama yale maua meupe yaliyolala kwenye matope. "Olrait," akasema taratibu, akaenda kuchukua jembe. Ng'ombe wetu mwekundu alipozaa ndama jike, alisema neno lile lile, lakini aliliimba, akaliburuta kutoka zizini hadi mlango wa jikoni ili mama asikie. Kaka zangu walipopigana, lilitoka kavu na fupi, na mara moja mikono ikashuka. Nilipougua surua aliingia, akaniwekea kiganja shingoni, akasema "Olrait?" huku mwisho wake ukipanda, nami nikaitikia kwa kichwa ingawa nilikuwa naungua. Na mama alipomwambia kwamba paa la jikoni linavuja, alijibu "olrait," na paa likaendelea kuvuja mpaka masika yakaisha.

Hata Jumamosi kanisani, maana sisi tulikuwa Wasabato, mzee wa kanisa alipohubiri hadi jua likapita utosini, tulimsikia baba akiliguna chini chini, na mama akamgusa kwa kiwiko.

Mama hakulisema neno hilo hata mara moja. Lakini yeye ndiye aliyelielewa kuliko sisi sote. Tukimwuliza baba amesema nini, alitueleza bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Hiyo ni ya hasira." "Hiyo ni ya kuchoka, mwacheni." Alituambia kwamba maana ya neno hilo haiko mdomoni, iko puani. Tusikilize pumzi.

Nilipofika darasa la sita tulipata mwalimu kijana kutoka upande wa Mosocho, mtu nadhifu aliyefunga tai hata siku za matope. Siku moja aliandika ubaoni lile neno la baba: "all right." Nilishtuka kuona kwamba yalikuwa maneno mawili, kila moja limesimama peke yake. Mwalimu akatuambia maana yake ni "sawa" au "vyema," basi. Nikainua mkono nikamwuliza kama pia yana maana ya kwenda kuchukua jembe. Darasa zima likacheka, naye akanitazama kwa huruma.

Jioni nilimwambia baba kwamba neno lake kwa kweli ni maneno mawili.

"Huenda," akasema. "Mimi nililipata likiwa limeshikana."

Nilifanya mtihani wa darasa la saba nikiwa na miaka kumi na sita. Hiyo ilikuwa kawaida siku zile, maana wengi tulianza shule tukiwa tumeshajua kuchuma pareto na kubeba mtoto mgongoni. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa akiwa darasa la tano, na kila alipotutembelea alishika daftari zangu, akazifungua, akazifunga. Mimi nilitaka kuendelea. Sikumwambia mtu yeyote isipokuwa mama. Yeye alinipa kazi ndogo zaidi jioni ili nisome.

Desemba hiyo, tukiwa bado tunangoja matokeo, alikuja mshenga. Kwetu mshenga huitwa esigani. Huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kahawia, aliyetoka upande wa Suneka. Alishukia Keumbu kutoka kwenye basi, akapanda mlima kwa miguu. Mama alikuwa shambani, kwenye mteremko wa chini. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi mbichi. Baba na mgeni walikaa nje, mgongo wa mgeni ukiwa karibu kabisa na ukuta wa udongo, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Alianza mbali, kama desturi ilivyo. Alitaja ukoo, malisho, mvua. Halafu akafika kwa kijana mmoja, fundi wa magari katika gereji mjini Kisii, kijana asiyekunywa pombe, ambaye baba yake ana ng'ombe wa kutosha.

"Amemwona msichana wako sokoni mara mbili," mshenga akasema. "Nimekuja kuuliza kama njia iko wazi."

Kisu changu kilisimama. Baba alikohoa, akakohoa tena.

"Olrait," akasema.

"Unasemaje, ndugu yangu?"

"Nimesema olrait."

Mzee alishukuru, akamaliza uji wake wa wimbi, akaenda. Baba alichukua panga akaelekea migombani kana kwamba hakuna mtu aliyekuja.

Mama alipopanda kutoka shambani na kikapu cha pareto, alinikuta bado nimekaa na ndizi zile zile mapajani. Nikamweleza. Aliweka kikapu chini, akafunga mlango wa jikoni.

"Alilisema vipi?"

"Alisema olrait."

"Nimesikia. Alilisema vipi? Liseme kama yeye."

Nikajaribu. Akatikisa kichwa, akaniambia nikumbuke kikohozi. Nikakohoa, nikalisema. Akaniambia nirudie, nisiharakishe. Nilirudia mara nne au tano, mama ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza kama chungu kina ufa. Mwishowe akanyooka.

"Hiyo ni ya kumtoa mgeni mlangoni," akasema. "Usiogope."

Lakini niliogopa. Niliogopa kwa sababu sikuwa na hakika kwamba nilikuwa nimeliiga vizuri. Pengine nililisema jinsi nilivyotaka liwe. Na mtoto wa kike hakuweza kumwendea baba yake akamwuliza habari za kuolewa kwake.

Mama aliuliza yeye, tulipokuwa tunakula.

"Yule mzee wa Suneka umemwambia nini?"

"Nimemwambia olrait."

"Olrait ipi?"

Baba aliinua macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza hivyo. "Olrait ni olrait," akasema.

"Zipo nyingi."

"Basi, olrait," akasema, na hiyo sote tuliijua. Ilikuwa ile ya kufunga mazungumzo.

Baada ya kama wiki moja mwalimu wetu alikuja kwa baiskeli, tai imerushwa begani na upepo. Alileta habari kwamba nimepita na nimeitwa shule ya sekondari ya wasichana upande wa Nyamira. Baba alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akalisema neno lake kwa urefu, lile la ndama. Mwalimu akacheka. Mimi na mama tukatazamana. Alikuwa amesema olrait kwa mshenga na olrait kwa shule, na sikuona jinsi zote mbili zingekaa katika nyumba moja.

Jumapili iliyofuata wageni walikuja. Walikuwa wanaume watano, mshenga akiwa mbele, na wanawake wawili waliobeba kikapu cha wimbi kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Walivaa nguo za safari. Kaka yangu alitumwa kushika jogoo. Mimi nilitakiwa nisionekane, nikabaki jikoni na mama, tukikoroga obokima, ugali wa wimbi, na kuchemsha chinsaga, mboga zetu za kienyeji. Mkono wa mama ulizunguka ndani ya chungu bila kupumzika.

Walikaribishwa, wakasalimiana kwa muda mrefu, halafu akasema mtu ambaye nilielewa baadaye kwamba alikuwa baba mdogo wa yule fundi. Sauti yake ilikuwa nzito na ya upole.

"Tumekuja kwa neno lako," alimwambia baba. "Tunaomba watu wako waje kwetu wawaangalie ng'ombe wa mahari."

Baba akauliza ni neno gani.

Mshenga akaeleza. Alisema kwamba siku ile aliondoka kwetu bila hakika, kwa sababu hakujua Kiingereza. Alipofika mjini Kisii aliingia kwa mwenye duka mmoja, Mwislamu anayejua lugha nyingi, akamwuliza mtu akisema olrait amesema nini. Yule mwenye duka akamjibu kwamba mtu huyo amekubali. "Ndipo nikaenda kuwaambia watu hawa," mshenga akasema. "Sikuongeza kitu."

Mama aliacha kukoroga. Nilimwona baba kupitia ufa wa mlango, ameweka mikono juu ya magoti, akiangalia ardhi.

"Sikukubali," akasema. "Na sikukataa."

"Sasa ulisema nini?"

"Sikujua msichana atapita mtihani au hatapita. Akipita, nilitaka aende shule. Asipopita, kijana wenu ni kijana mzuri. Sikutaka kufunga njia, na sikutaka kuifungua. Nikatumia neno hilo kwa sababu linakaa katikati."

Nilimgeukia mama. Alikuwa amekosea, na nikaona usoni mwake kwamba amelijua hilo. Haikuwa ile ya kumtoa mgeni mlangoni. Ilikuwa nyingine, ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia. Kwa siku zote zile nilijiuliza kama baba anataka niende shule au niolewe, kumbe yeye alikuwa amekaa akingoja karatasi imwamulie.

Baba mdogo wa fundi hakukasirika. Alisema tu, "Tumetembea mbali kwa ajili ya neno lako, ndugu yangu. Mtu mzima anajua neno lenye pande nyingi linaweza kumpoteza mwenzake."

"Najua," baba akasema. "Mimi mwenyewe lilinipoteza."

Halafu akawaeleza jambo ambalo hakuwahi kutueleza sisi. Alisema kwamba alipokuwa Kericho alipelekewa habari kwamba mama yake amefariki. Alimwendea tajiri wake asubuhi, akamwomba ruhusa ya kwenda kuzika. Tajiri alikuwa anavaa viatu. Hakumwangalia. Akasema olrait.

"Kila nilipomwambia kwamba sukari imekwisha, alisema hivyo hivyo," baba akasema, "na maana yake ilikuwa nimesikia, ngoja. Nikangoja aniambie nenda. Nikapika siku ya kwanza, nikapika ya pili. Siku ya tatu akanikuta jikoni, akashangaa, akaniuliza mbona sijaenda. Alikuwa ameniruhusu tangu asubuhi ile. Nilipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa umekauka juu."

Mmoja wa wale wanawake alitoa sauti ya huruma. Mama alikuwa amekaa chini kwenye kigoda, mwiko mkononi. Hata yeye hakulijua hilo. Alijua tu kwamba baba alichelewa kuzika, na kwa miaka yote alidhani kwamba alinyimwa ruhusa.

"Mtu kama wewe angelichukia neno hilo," akasema yule baba mdogo wa fundi. "Kwa nini ulilibeba hadi hapa?"

Baba alifikiri. "Nilitaka nami niwe upande wa anayelisema," akajibu.

Hakuna aliyecheka. Yule baba mdogo alisogeza fimbo yake kutoka goti moja hadi lingine.

"Basi tuambie sasa kwa lugha ya mama yako. Msichana tunampata?"

"Yaya," baba akasema. Hiyo ndiyo hapana yetu, na haina upande wa pili. "Ameitwa shule. Nataka aende. Nisameheni kwa safari mliyofanya."

Chakula kiliiva, nao walikula, kwa sababu haikuwa heshima kuondoka bila kula. Mshenga peke yake alikunywa maji tu. Yeye ndiye aliyeaibika zaidi, na kwa miezi mingi baadaye tulisikia kwamba alikuwa akisimulia sokoni juu ya mtu wa Keumbu anayeozesha kwa Kiingereza. Wanawake walipotaka kutuachia wimbi wao mama alikataa, wakashindana kwa upole mlangoni. Mwishowe mama alikubali nusu, na ile nafasi iliyobaki kikapuni akaijaza ndizi mbivu, ili wasirudi kwao mikono mitupu.

Nilipotoka kuchukua vyombo, yule baba mdogo wa fundi aliniona. Aliniangalia kwa muda, mtu aliyekuja kunichukua na sasa anaondoka bila mimi.

"Soma," akaniambia. "Lakini usituletee maneno ya namna hiyo."

Baada ya siku ile neno lilipungua nyumbani. Baba hakulitupa kwa kiapo. Lilimtoka mara moja moja, ng'ombe alipokanyaga ndoo au kaka yangu alipochelewa, lakini alipokuwa na jambo la maana alilisema kwa Ekegusii, polepole, na mara nyingine alitafuta maneno kama mtu aliyeyaacha mahali kwa muda mrefu. Mama alimsaidia. Paa la jikoni lilitengenezwa Januari. Na mimi, ambaye ningepaswa kufurahi, kwanza nilimnunia. Nilimtilia chakula bila kumtazama. Alivumilia kama siku kumi. Kisha asubuhi moja alinikuta nikifua nguo mtoni, akakaa kwenye jiwe.

"Uliumia," akasema.

Nikakubali.

"Ningejua utapita ningemkatalia siku ile ile. Sikujua. Sikujua lolote kuhusu shule, mimi. Sikutaka ukose huku na huku."

Alikaa mpaka nikamaliza kukamua, akabeba beseni. Njiani tulikutana na wanawake wa jirani waliomshangaa mwanamume mwenye beseni la nguo, naye akawasalimu kama kawaida.

Siku ya kwenda shule alinisindikiza. Tulipanda gari hadi njia panda, kisha tukatembea, yeye akiwa na sanduku langu la bati begani. Langoni alisimama mwalimu mkuu, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele za mvi. Aliangalia barua yangu, akasema maneno mengi kwa haraka, na mwisho wake ulikuwa lile neno, limepanda juu kama swali. Nilimwona baba akifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainama kwangu.

"Amesemaje?"

"Anauliza kama tumefika salama na kama umeelewa siku ya kufunga shule."

"Mwambie tumefika salama," baba akasema. "Siku ya kufunga sijaielewa. Airudie."

Nikamwambia, Kiingereza changu kikitetemeka, naye akairudia, mara hii kwa Kiswahili chake kibovu, akihesabu wiki kwa vidole. Baba alihesabu pamoja naye.

Nilisoma pale miaka minne, halafu nikaenda chuo cha ualimu, na katika miaka ya sabini nikawa mwalimu wa shule ya msingi si mbali na kwetu. Siku moja tulikuwa tunatoka mjini Kisii na walimu wenzangu, tumebeba vitabu vya shule kwenye pikapu, gari likazimika karibu na soko. Mtu akaitwa kutoka gereji. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, mpole, mwenye mafuta hadi kwenye viwiko. Aliponisikia nikitajwa kuwa ni mwalimu kutoka juu ya Keumbu, aliuliza nyumba. Nikamwambia. Akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilituma watu kwenu wakati fulani," akasema.

Nikatambua kuwa ndiye yule fundi, ingawa sikuwa nimewahi kumwona, au kama nilimwona ni sokoni, mara mbili, bila kujua. Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Akatabasamu, akaniambia kwamba alioa Nyamira mwaka uliofuata, na ana watoto watatu, wa kwanza msichana. Aliniuliza mtoto aanze shule akiwa na umri gani. Nikamwambia asingoje sana, akifika miaka sita ampeleke. Akarudi chini ya boneti, akagonga kitu mara mbili, akamwambia dereva ajaribu. Gari likawaka, nasi tukafika Keumbu kabla mvua haijanyesha.